Mzee wa Sawara aliyeipima Japani kwa miguu

Ukiwahi kufika Tokyo, panda treni ya kuelekea mkoa wa Chiba, ushukie Sawara. Hapo usitafute teksi. Tembea kama dakika kumi na tano hivi mpaka mto Ono, mto mwembamba wenye maduka ya mbao na maghala ya kuta nene pande zote mbili. Zamani mashua zilitoka hapa na mchele, mchuzi wa soya na sake, ile pombe ya mchele, zikaingia mto Tone na kuelekea Edo, jiji ambalo sasa ndilo Tokyo. Tangu 1996 mtaa huu unalindwa na sheria usibomolewe, ndiyo maana unauona bado ulivyo.

Fuata mto hadi daraja linalomwaga maji mtoni kwa kelele kila nusu saa. Nyumba iliyo hapo kando ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja, Ino Tadataka. Mpe dakika zako chache.

Alizaliwa 1745 pwani ya Kujukuri, mama akafariki yeye akiwa bado mtoto. Akiwa na miaka 17 aliingia ukoo wa Ino kwa ndoa. Mke alimzidi umri, tena alikuwa mjane, na jina lililochukuliwa ni la mke. Ni kama yeye ndiye aliyeolewa! Biashara ya ukweni ilikuwa imedorora, na sasa mzigo ukawa wake.

Akaubeba kwa zaidi ya miaka thelathini. Akapika sake, akauza mchele, pesa zikaingia. Njaa kubwa ya miaka ya 1780 ilipobisha, akafungua ghala na kuwagawia watu wa Sawara chakula. Kumbe muda huo wote moyo wake ulikuwa kwenye nyota na hesabu. Akipata nafasi, anasoma. Ila duka halikufungwa hata siku moja kwa sababu ya ndoto.

Hapa ndipo wengi husimulia hadithi hii nusu nusu. Utaambiwa tu kwamba mzee alianza masomo akiwa na miaka 50. Ni kweli. Mwaka 1795, akiwa ameshamwachia mwanawe biashara, alihamia Edo akawa mwanafunzi wa Takahashi Yoshitoki, mtaalamu wa nyota aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 19. Hebu fikiria tajiri wa mji mzima akimwinamia kijana na kumwita mwalimu. Lakini karo, vitabu na vifaa vya kutazamia nyota vililipwa na nini? Ni ile sake, bana. Wewe wa miaka 24 unayeona umechelewa kwa sababu bado unauza nguo mtandaoni, usiirukie hiyo sehemu.

Swali lililomnyima usingizi lilikuwa moja: dunia hii ina ukubwa gani? Ukijua urefu wa digrii moja ya latitudo ardhini, unazidisha mara 360, umemaliza. Alijaribu kupima ndani ya Edo, mwalimu akaona umbali huo ni mfupi mno. Ilibidi aende mbali, hadi Ezo, kisiwa ambacho leo ni Hokkaido. Serikali ya shogun ilikuwa na wasiwasi na meli za Urusi huko kaskazini, hivyo kibali kikaombwa kwa jina la ramani. Mwaka 1800, akiwa na miaka 55, akaondoka na kikundi kidogo. Mchana alihesabu hatua, kila moja kama sentimita 69. Usiku alipima nyota. Siku 180, na sehemu kubwa ya gharama ilitoka mfukoni mwake.

Baada ya safari chache jibu lilipatikana: kama kilomita 110.7 kwa digrii. Hesabu za leo zinampa karibu alama zote. Mwalimu mwenyewe alitilia shaka, mpaka kitabu cha Ulaya kilipowafikia na kukubaliana na mzee. Mwaka 1804 Yoshitoki akafariki, hata miaka 41 hajafikisha.

Tadataka hakuacha. Kufikia 1816 alikuwa amezunguka pwani za Japani, safari zinazokadiriwa kuwa karibu kilomita 40,000 zikijumlishwa. Kabla ramani haijakamilika naye akafa, 1818, na wanafunzi wake wakaficha kifo hicho ili kazi iishe kwa jina lake. Iliisha 1821: karatasi kubwa 214, za kufunika nchi nzima.

Mwana wa Yoshitoki aliyesimamia kazi hiyo, Kageyasu, baadaye alimpa daktari mgeni, Siebold, nakala ya ramani. Akakamatwa, akafia gerezani mwaka 1829. Ramani ya mzee ilikuwa siri ya dola.

Usimtafute Sawara kaburini. Aliomba azikwe Tokyo, kando ya mwalimu wake mdogo, na ndiko aliko.