Ugo Cerletti

Ugo Cerletti (Conegliano, 26 Septemba 1877 – Roma, 25 Julai 1963) alikuwa daktari wa neva na magonjwa ya akili kutoka Italia. Anajulikana hasa kwa kuanzisha tiba ya mshtuko wa umeme mwaka 1938, pamoja na msaidizi wake Lucio Bini.

Maisha

Alisomea udaktari Torino na Roma, kisha akajiendeleza Ufaransa na Ujerumani, ambako Emil Kraepelin na Alois Alzheimer walikuwa kati ya walimu wake. Baada ya kufundisha Bari na Genova, mwaka 1935 alipewa nafasi ya profesa mjini Roma.

Katika ujana wake hapakuwa na dawa ya kutibu skizofrenia. Hospitali za wagonjwa wa akili, kama ile ya Lutindi wilayani Korogwe iliyoanza kuwapokea mwaka 1904, zilitegemea uangalizi na kazi za mikono.

Tiba ya umeme

Mwaka 1934 Ladislas Meduna wa Budapest alianza kutibu skizofrenia kwa kuamsha degedege, kama la mwenye kifafa, kwa kutumia kemikali. Njia hiyo iliwatia wagonjwa hofu kubwa. Cerletti alitafuta njia nyingine. Katika machinjio ya Roma aliona kuwa nguruwe waliopigwa umeme kichwani walipata degedege, lakini hawakufa kwa umeme huo. Aprili 1938 alimtibu mwanamume aliyekutwa akirandaranda katika kituo cha reli. Mgonjwa alipata nafuu, ingawa baadaye ugonjwa ulimrudia.

Tiba hiyo na dawa

Msingi wa tiba hii ni degedege. Umeme ni njia ya kuliamsha. Kwa hiyo dawa za kifafa, kama karbamazepini na valproati, pamoja na diazepamu, huweza kupunguza mafanikio yake. Lithiamu huweza kuongeza hali ya kuchanganyikiwa. Kwa upande mwingine, dawa za sonona au lithiamu zikitumika baada ya tiba, hupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi.

Daktari ndiye anayeamua dawa ipi ipunguzwe. Mgonjwa wa kifafa akiacha dawa ghafla anaweza kupata degedege la hatari. Ndiyo sababu mgonjwa au ndugu zake huulizwa dawa zote anazotumia, pamoja na za mitishamba.

Urithi

Mwanzoni tiba ilitolewa bila nusukaputi, na baadhi ya wagonjwa walivunjika mifupa. Siku hizi mgonjwa hulazwa usingizi na kupewa dawa ya kulegeza misuli, ingawa kupoteza kumbukumbu bado hutokea. Klopromazini ilipoanza kutumika mwaka 1952, matumizi ya umeme yalianza kupungua. Cerletti mwenyewe alitafuta dawa ya kuchukua nafasi ya mshtuko huo, lakini hakufanikiwa.