Asakawa Kan'ichi: Mtoto wa Mji Mdogo Aliyesomeshwa kwa Michango

Ndugu wana-Upare, mlioko nyumbani na mliotawanyika mijini,

Katika vikao vya Mfuko wa Elimu vya mwaka huu swali moja limekuwa likirudi. Je, ni halali fedha ya mchango imsomeshe kijana anayetaka kujifunza historia na siasa za nchi za mbali, wakati zahanati inasubiri bati? Na akishasoma akabaki hukohuko, tumepata nini? Swali ni la haki, na sisi tunaoshika vitabu vya mfuko hatuwezi kulikwepa. Tumeona tuwasimulie maisha ya mtu mmoja ambaye hesabu yake imeshafungwa. Si mtu wa kwetu. Ni Mjapani, na amefariki zaidi ya miaka 70 iliyopita. Lakini njia aliyopita mtaitambua.

Kuzaliwa na kusoma

Asakawa Kan'ichi alizaliwa Desemba 1873 katika mji wa Nihonmatsu, mkoa wa Fukushima, kaskazini mwa Tokyo. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1868, Nihonmatsu ilikuwa upande ulioshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ngome yake ilianguka, na hata wavulana wadogo waliopelekwa kuilinda waliuawa. Baba yake alikuwa samurai, yaani mtu wa ukoo wa wapiganaji. Baada ya kushindwa, cheo hicho hakikuwa na faida tena, akaishi kwa kazi ya ualimu wa shule ya msingi. Mama alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana.

Nyumba hiyo ilibakiwa na mali moja tu, nayo ni elimu. Kijana alisoma sekondari mjini Koriyama akamaliza akiwa wa kwanza. Watu wa huko husimulia kwamba alikuwa akikariri kamusi ya Kiingereza kurasa chache kila siku, akishazishika anazichana na kuzila, na jalada lililobaki akalizika chini ya mcheri shuleni. Kama ndivyo ilivyokuwa au simulizi imeongezwa chumvi, mti huo mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Akaenda Tokyo, kwenye chuo kilichoanzishwa na mwanasiasa Okuma Shigenobu, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Waseda. Mwaka 1895 akamaliza tena akiwa wa kwanza. Alitaka kuendelea Marekani, lakini hata nauli ya meli hakuwa nayo.

Mchango

Hapo ndipo habari yake inapofanana na zetu. Nauli ilipatikana kwa watu kuchangishana. Okuma mwenyewe alitoa. Mwandishi wa magazeti Tokutomi Soho alitoa. Mzee Katsu Kaishu, aliyewahi kuwa mkuu katika serikali iliyopinduliwa, naye alitoa. Mchungaji mmoja Mjapani, Yokoi Tokio, alimwombea nafasi kwa rafiki yake William Tucker, mkuu wa Chuo cha Dartmouth huko New Hampshire, na Tucker akamsamehe ada na kumpa chumba.

Asakawa alifika mwanzoni mwa 1896 akahitimu 1899. Tucker akamsaidia tena aende Chuo Kikuu cha Yale, kwa makubaliano kwamba atarudi Dartmouth kufundisha habari za Asia ya Mashariki, somo ambalo vyuo vingi vya Marekani havikuwa nalo. Mwaka 1902 alipata shahada ya udaktari kwa utafiti wa mageuzi ya utawala wa Japani ya mwaka 645. Kisha akatimiza ahadi, akafundisha Dartmouth hadi 1906.

Vita na ukweli wake

Mwaka 1904 Japani na Urusi ziliingia vitani kugombea Korea na Manchuria, eneo la kaskazini-mashariki mwa China. Mwaka huohuo Asakawa, akiwa na miaka 30, alitoa kitabu kwa Kiingereza kuwaeleza Wamarekani chanzo cha ugomvi. Hoja yake ilikuwa kwamba Urusi inataka kuifunga Manchuria iwe shamba lake peke yake, na kwamba Japani inasimamia mambo mawili: mataifa yote yafanye biashara China kwa usawa, na ardhi ya China isimegwe. Wasomaji wengi wa Marekani waliiamini Japani, na kitabu chake kiliwasaidia kuamini.

Japani ikashinda. Kisha ikaanza kufanya Manchuria yaleyale iliyokuwa ikiilaumu Urusi. Ingekuwa rahisi kwa Asakawa kunyamaza. Nchi yake ilikuwa inasifiwa dunia nzima, naye mwenyewe alikuwa ameanza kazi Yale mwaka 1907 kama mwalimu na mtunza vitabu vya Asia ya Mashariki. Hakunyamaza. Mwaka 1909 alichapisha kitabu kwa Kijapani, Nihon no kaki, kuwaambia watu wa kwao kwamba wamezivunja ahadi mbili walizoutangazia ulimwengu, na kwamba wakiendelea hivyo siku moja watagongana na Marekani.

Okuma alikuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1914, na mwaka uliofuata serikali yake ikaibana China kwa masharti yanayojulikana kama Madai 21. Katika miaka hiyo Asakawa alimwandikia mzee huyo, mmoja wa waliomlipia meli, akimwonya kuhusu siasa ya Japani huko China. Wapo ambao wangesema fadhila za punda ni mateke. Sisi tunaona kinyume chake: alikuwa analipa deni, na alilipa kwa kitu ambacho wale wa karibu na mkubwa hawakuwa na ujasiri wa kumpa.

Hakusikilizwa. Japani ilikuwa imeshaitwaa Korea mwaka 1910. Iliteka Manchuria 1931, na 1937 ikaanza vita kamili na China. Mwishoni mwa 1941, Asakawa akiwa na miaka 67, aliandika rasimu ya barua ambayo Rais Roosevelt angeweza kumpelekea Mfalme wa Japani kuzuia vita. Rafiki yake Langdon Warner wa Harvard aliipeleka kwa wakubwa Washington. Ujumbe uliotumwa Desemba 6 haukuwa ule alioukusudia, na kesho yake Pearl Harbor ikashambuliwa. Asakawa alibaki Yale, raia wa nchi adui, akiheshimiwa na wenzake. Alifariki Agosti 1948 huko Vermont. Mkewe Mmarekani, Miriam, alikuwa amefariki tangu 1913, na hawakuacha mtoto.

Tupige hesabu

Kwa daftari la kawaida hii ni hasara. Nauli, ada na chumba vimetoka. Mtu mwenyewe alirudi Japani mara mbili tu, 1906 hadi 1907 na 1917 hadi 1919, na mara zote mbili kwa kazi ya vitabu na nyaraka. Hakuezeka paa hata moja Nihonmatsu.

Lakini upande wa pili una maandishi. Maelfu ya vitabu vya Kijapani alivyokusanya safari ya kwanza viko Yale na katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Nyaraka za ukoo wa Iriki alizozitoa 1929 ziliwawezesha wanahistoria wa Ulaya kulinganisha ukabaila wao na wa Japani. Mwaka 1937 alipata uprofesa kamili Yale, jambo ambalo Mjapani hakuwahi kulifikia hapo kabla. Na lipo lile onyo la 1909. Gharama ya kutolisikiliza haikuandikwa kwa msomi. Iliandikwa kwa miji iliyoungua.

Wanachama mtapigia kura pendekezo kwamba kila anayesomeshwa atie saini ya kurudi kufanya kazi wilayani. Tucker naye aliweka sharti la kazi, na Asakawa alilitimiza. Mkiona vema, wekeni miaka. Tunachoomba ni kwamba fomu isiwe na kipengele, cha kuandikwa wala cha kudokezwa, kinachomtaka kijana atusifu. Siku akirudi, au akiandika kutoka mbali, akatuambia kwamba tumekata msitu wa chanzo cha maji au tumeficha hesabu, tujue mchango wetu umeanza kuzaa.

Wazee wetu walijenga shule kwa msaragambo kabla hawajajua watakaosoma humo watakuwa nani. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Kila atakayetoa, kiasi chochote, atapewa risiti, na hesabu zitasomwa mbele ya wote kwenye mkutano mkuu.