Maisha ya Alfred Büchi, Aliyeutumikisha Moshi

Wasomaji wa gazeti letu wamekwisha kusoma habari za wafalme na za watunga mashairi. Leo naomba nafasi nieleze maisha ya mhandisi mmoja wa Uswisi, ajulikanaye sana na watu wa injini. Mimi nilimtafuta vitabuni kwa uchungu, kwani likizo iliyopita niliharibu gari la mjomba wangu, nalo ndilo linalotupatia ugali.

Alfred Büchi alizaliwa katika mji wa Winterthur tarehe 11 Julai 1879. Baba yake alikuwa mkubwa katika kiwanda cha Sulzer mjini humo, hata mtoto akakua akizoea ngurumo za injini kama sisi tulivyozoea kengele ya bweni. Mwaka 1899 aliingia chuo kikuu cha ufundi cha Zurich, akamaliza mwaka 1903, kisha akaenda kufanya kazi Ubelgiji na Uingereza.

Jambo moja lilimkera. Injini ichomapo mafuta, karibu thuluthi moja ya joto hutoka pamoja na moshi na kupotea bure. Büchi akawaza: moshi huu una joto na una mbio, mbona usifanye kazi kabla ya kwenda zake? Akabuni gurudumu la mapanga lisukumwalo na moshi, na katika mhimili ule ule chombo cha kuvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi huweza kuungua, na injini ile ile hutoa nguvu zaidi. Tarehe 16 Novemba 1905 alisajili uvumbuzi huo Ujerumani, naye akiwa na umri wa miaka 26. Ndiyo turbo ya leo.

Msidhani kwamba kesho yake dunia ilibadilika. Alirudi kwao kufanya kazi Sulzer, akajaribu, ikashindikana. Mwaka 1915 akatoa shauri jingine, nalo halikuleta faida upesi. Miaka 20 ikapita. Hapo mimi huona haya, maana yangu nilitaka iishe kwa siku 3.

Mjomba hupandisha saruji kutoka Mombo hadi Lushoto kwa pikapu ya petroli, na mlima ule humshinda. Nikamshawishi anunue turbo kuukuu. Fedha ya manifoldi mpya hatukuwa nayo (manifoldi ni lile bomba la chuma cha kusubu lipokealo moshi kutoka kila silinda), basi tukaitumia ile ile ya gari. Tulichomelea bamba mdomoni mwake bila kuipasha moto kwanza, tukaitundika turbo pale bila mkono wa kuishikilia. Siku ya kwanza gari lilipanda kama swala. Siku ya nne manifoldi ilipasuka, moto ukaunguza nyaya, na mjomba akakaa wiki 2 bila kazi. Hakunigombeza hata neno moja, na hilo lilinichoma zaidi.

Sasa oneni. Büchi alipofaulu mwaka 1925, sehemu kubwa ya siri ilikuwa katika mabomba hayo hayo ya moshi. Alitambua kwamba moshi hautoki kama maji ya mfereji. Hutoka kwa mapigo, na pigo la silinda moja likiingia bomba la jirani yake humzuia kupumua. Akayagawa mabomba, akayafanya membamba, kila kundi la silinda lenye zamu zisizogongana likapewa njia yake hadi kwenye gurudumu. Katika meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, injini za silinda 10 zilipanda kutoka nguvu za farasi 1,750 hadi 2,500.

Manifoldi ya mjomba huchanganya mapigo yote manne mahali pamoja. Lakini sitaitukana: ni nene, hutunza joto, na hugharimu kidogo. Kosa lilikuwa haraka yetu, wala si chuma.

Mwaka 1938 kampuni ya Saurer ya Uswisi ilitoa injini ya lori yenye turbo. Magari madogo ya kuuzwa madukani yaliipata mwaka 1962 huko Marekani, na Büchi hakuyaona, kwani alifariki Winterthur tarehe 27 Oktoba 1959, akiwa na miaka 80.

Manifoldi iliyopasuka ninayo ndani ya sanduku langu bwenini. Mjomba amekwisha kupata nyingine ya aina ile ile. Ameniandikia kwamba turbo ameifunga katika gunia, na hataigusa mpaka nirudi mwezi wa Desemba.