Dian Fossey: mama wa gorila na majirani wa msitu

Runingu, kama vijiji vingine vya bonde la Ruzizi, wanajua maana ya kukaa jirani na nyama wa pori. Kiboko anatoka majini usiku, anaingia shambani, na mtu akikutana naye njiani anaweza asirudi nyumbani. Ukisema wauawe wote, ni hasara. Ukisema mkulima avumilie tu, ni hasara vilevile. Swali hilo hilo lilimfuata Dian Fossey maisha yake yote, kule kwenye milima ya volkano kaskazini ya Goma.

Fossey alizaliwa tarehe 16 Januari 1932 huko San Francisco, Marekani. Hakuanza kama mtaalamu wa wanyama. Alikuwa akifanya kazi hospitalini, mji wa Louisville, akisaidia watoto walemavu. Mwaka 1963 alikopa pesa akaja kutembea Afrika. Olduvai, Tanganyika, alikutana na Louis Leakey, mtafiti wa mifupa ya watu wa kale. Safari hiyo hiyo akapanda mlima Mikeno, huku Congo, na kuona gorila wa milimani kwa mara ya kwanza.

Baadaye Leakey alimtafutia msaada, na Januari 1967 Fossey akapiga hema Kabara, kwenye Mikeno. Hakukaa sana. Julai mwaka ule mamluki waliasi, mashariki ya nchi ikawaka moto. Askari walimteremsha mlimani wakamweka Rumangabo. Akafanya mbinu, akatorokea Uganda. Wengi wangerudi kwao. Yeye, tarehe 24 Septemba 1967, alianza upya upande wa Rwanda, kati ya milima Karisimbi na Visoke. Akaunganisha majina mawili, kambi ikaitwa Karisoke.

Pale alikaa na gorila pole pole, akiiga sauti zao na namna yao ya kula, mpaka wakamzoea. Mwaka 1970 dume mmoja aliyempa jina Peanuts aligusa mkono wake. Dunia ikaanza kuelewa kwamba gorila si zimwi la kuvunja watu, ni mnyama wa familia. Watu wa Rwanda walimpa jina Nyiramacibiri, mwanamke anayeishi peke yake mlimani.

Lakini msitu ule haukuwa wa gorila peke yao. Mwaka 1969 sehemu kubwa ya mbuga upande wa Rwanda, kama hekta 10,000, ilikatwa ili watu walime pareto. Ardhi ilikuwa ndogo, watu wengi. Wachungaji waliingiza ng'ombe msituni, wawindaji walitega mitego ya paa, na gorila wakanaswa mikono na miguu.

Tarehe 31 Desemba 1977 wawindaji walimuua Digit, dume ambaye Fossey alimpenda kuliko wote. Walimchoma mikuki, wakamkata kichwa na mikono. Toka hapo Fossey aligeuka kuwa mtu wa vita. Alikuwa ameshazoea kufukuza ng'ombe na kuharibu mitego. Sasa wawindaji waliokamatwa walipigwa na kutishwa. Wakati mmoja alichukua hata mtoto wa mwindaji na kumweka kambini. Kwa gorila alikuwa mama. Kwa majirani wengi alikuwa adui.

Mwaka 1979 wenzake wengine walianza njia tofauti: walinzi zaidi, mafundisho vijijini, na watalii wa kulipa ili kuona gorila. Fossey hakuipenda njia ya utalii. Aliogopa magonjwa na kelele za watu, na woga huo haukuwa wa bure, kwa sababu mafua ya mtu yanaweza kumuua gorila.

Alitoa kitabu chake mwaka 1983. Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Desemba 1985 aliuawa kwa panga ndani ya nyumba yake Karisoke. Mahakama ya Rwanda ilimhukumu mtafiti Mmarekani akiwa hayupo. Yeye alikana, na mpaka leo watu wanabishana. Fossey alizikwa kando ya Digit.

Siku zake, gorila wa Virunga walikuwa wamebaki kama 250. Leo gorila wa milimani, pamoja na wale wa Bwindi, wamepita 1,000. Ukweli ni kwamba bila ukali wake pengine kusingebaki kitu cha kulinda. Ukweli mwingine ni kwamba ukali peke yake haukutosha. Toka 2005 Rwanda inawagawia majirani wa mbuga sehemu ya pesa ya utalii, na ukuta wa mawe umejengwa ili nyati wasishuke mashambani.

Karibu zaidi, Kahuzi-Biega, mbuga ilizaliwa 1970 na Batwa wakafukuzwa msituni bila fidia. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu kwamba serikali iliwavunjia haki zao. Jeraha la zaidi ya miaka 50.

Basi maisha ya Nyiramacibiri yanaacha somo hata kwenye ukingo wa Ruzizi. Mnyama anahitaji mtu wa kumsimamia. Na yule mama anayelala macho akilinda shamba lake, naye anahitaji wa kumsimamia.