William Fairbairn

William Fairbairn (Kelso, Uskoti, 19 Februari 1789 – Moor Park, Surrey, Uingereza, 18 Agosti 1874) alikuwa mhandisi wa mitambo kutoka Uskoti. Anajulikana hasa kwa boila ya aina ya Lancashire, kwa utafiti wake juu ya nguvu ya chuma, na kwa juhudi zake za kuzuia milipuko ya boila viwandani.

Maisha ya awali

Fairbairn alizaliwa katika familia ya mkulima. Alipata elimu kidogo ya shule. Akiwa kijana alifundishwa ufundi wa mitambo kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa Percy Main, karibu na North Shields. Baada ya kazi alijisomea hisabati na masomo mengine kwa ratiba aliyojipangia. Huko alifanya urafiki na George Stephenson, ambaye baadaye alipata sifa kwa kazi yake ya reli.

Kazi mjini Manchester

Mwaka 1813 alihamia Manchester. Mwaka 1816 alimwoa Dorothy Mar, na mwaka 1817 alianzisha karakana pamoja na James Lillie. Walitengeneza mitambo ya viwanda vya pamba. Baadaye Fairbairn alijenga pia meli za chuma na vichwa vya treni. Alifanya majaribio yaliyosaidia kusanifu Daraja la Britannia huko Wales, kazi iliyoongozwa na Robert Stephenson, mwana wa George.

Boila na milipuko

Katika karne ya 19 viwanda vingi vya Uingereza viliendeshwa kwa mvuke. Boila zililipuka mara kwa mara na kuua wafanyakazi pamoja na majirani. Watu wengi waliamini kwamba milipuko hiyo ilikuwa na sababu za ajabu zisizoweza kuzuilika. Fairbairn alichunguza mabaki ya boila zilizolipuka akaeleza kwamba chanzo kilikuwa cha kawaida: shinikizo la mvuke lilizidi nguvu ya chuma. Ama boila ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, ama ilikuwa imeliwa na kutu, ama vali ya usalama ilikuwa imeongezwa uzito ili isifunguke.

Mwaka 1844 yeye na John Hetherington walipata hataza ya boila ya Lancashire. Ndani yake mna mabomba mawili ya moto yaliyolala sambamba, badala ya bomba moja kubwa. Bomba lenye kipenyo kidogo huhimili shinikizo kubwa zaidi kuliko bomba pana lenye unene uleule.

Mwaka 1854 alishiriki kuanzisha mjini Manchester chama cha watumiaji wa mvuke. Wakaguzi wa chama hicho walitembelea viwanda vya wanachama, wakapima hali ya mabamba na vali, na kuwashauri wenye viwanda.

Majaribio ya mabomba

Fairbairn aliona kwamba bomba la moto husukumwa na shinikizo kutoka nje, hivyo huweza kubonyea ghafla. Alifunga mabomba ya vipimo mbalimbali ndani ya silinda imara, akasukuma maji mpaka yakabonyea. Matokeo yalitangazwa mwaka 1858. Alionyesha kwamba nguvu ya bomba hupungua kadiri urefu na kipenyo vinavyoongezeka. Kwa kanuni yake, bomba lililorefushwa mara mbili hubaki na nusu ya nguvu, hata kama chuma ni kilekile. Dawa yake ilikuwa kufunga pete imara kulizunguka bomba, ili lifanye kazi kama mabomba kadhaa mafupi. Wataalamu wa baadaye waligundua kwamba kanuni hiyo ina mipaka, kwa kuwa bomba refu sana haliendelei kudhoofika hivyo.

Alipima pia viungo vya ribiti. Akichukua nguvu ya bamba zima kuwa 100, kiungo cha safu mbili za ribiti kilikuwa na 70, na cha safu moja 56.

Heshima na kifo

Alikuwa rais wa chama cha wahandisi wa mitambo cha Uingereza kuanzia 1854. Mwaka 1860 alipewa Nishani ya Kifalme na Royal Society, na mwaka 1869 alipewa cheo cha baroneti. Alifariki akiwa na miaka 85. Miaka minane baadaye, mwaka 1882, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuchunguza milipuko ya boila.

Umuhimu wake

Kazi ya Fairbairn inaeleza kwa nini siku hizi cheti cha boila au cha kibadilisha joto hakihusu chombo kilichobadilishwa bila idhini. Anayerefusha bomba, kutoboa tundu jipya, kubadilisha aina ya kiungo au kuongeza shinikizo hubadilisha nguvu ya chombo, ingawa kwa macho kinaonekana kilekile. Kwa hiyo taratibu za usalama hudai hesabu zifanywe upya, mkaguzi akubali mabadiliko, na chombo kijaribiwe kabla ya kurudishwa kazini.