Albert Howard: Aliyeivisha mboji bila umeme

MKULIMA wa nyanya wa Magu anajua hasara ya kinyausi: miche inaanguka kitaluni na mbegu aliyonunua inapotea. Vimelea vyake hukaa kwenye udongo na mbolea isiyoiva, na joto huviua. Koili ya birika bovu la umeme inaweza kuchemsha maji ya kufukizia mboji, lakini koili ya kilowati 2 ikiwaka saa 2 hula uniti 4.

Albert Howard, mtaalamu wa mimea aliyezaliwa Uingereza mwaka 1873, alipata joto hilo bure. Mwaka 1905 alikwenda India, akafanya kazi Pusa na mkewe Gabrielle, naye mtaalamu wa mimea. Huko alijifunza mengi kwa wakulima wadogo.

Kuanzia mwaka 1924 hadi 1931, akiwa Indore, alikamilisha utaratibu wake: tabaka la mabaki ya mazao, la samadi, kisha udongo na majivu, maji ya kiasi na kupindua lundo. Likipata hewa, lundo hufikia nyuzi joto 60 na zaidi. Baada ya miezi 3 mboji huwa tayari. Mwaka 1933 utaratibu huo ulifika kwenye kahawa ya Kenya. Howard alifariki mwaka 1947.

Basi, koili iwe ya udongo kidogo wa kitalu. Kwa shamba, tegemea lundo, nawe ulipindue ili mboji ya pembeni nayo ipate joto la katikati. Ukiruka hatua hiyo, kinyausi kitarudi.