Stéphane Mallarmé: Mshairi Aliyesomea Ualimu wa Kiingereza

Wanafunzi wengi wa fasihi hukutana na jina la Stéphane Mallarmé katika mihadhara ya nadharia, pale ushairi wa ishara unapotajwa, na aghalabu humchukulia kuwa mtu aliyeishi mawinguni. Ni wachache wanaofahamu kwamba mshairi huyu wa Ufaransa alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule za upili kwa takriban miaka 30, kwamba alivuka bahari ili kujiandaa kwa kazi hiyo, na kwamba kazi yenyewe ilimlisha huku ikimtesa.

Mallarmé alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1842. Mamake alifariki mwaka 1847, naye Maria, dadake wa tumbo moja, akafariki mwaka 1857. Ukoo wake, kuumeni na kukeni, ulikuwa wa maafisa wa serikali waliohudumu katika idara ya usajili wa hati na mali. Ilitarajiwa kuwa kijana naye angeshika kalamu iyo hiyo. Baada ya kufuzu masomo ya upili mwaka 1860, alitiwa mwanagenzi katika ofisi ya idara hiyo mjini Sens. Alijiona kama mtu aliyefungiwa ghalani. Jioni alikuwa akinakili na kufasiri mashairi ya Mmarekani Edgar Allan Poe, ambaye hadithi zake zilikuwa zimekwisha kufasiriwa kwa Kifaransa na Baudelaire. Katika barua aliyomwandikia mshairi mwenzake Verlaine mwaka 1885, Mallarmé alieleza kuwa alijifunza Kiingereza ili amsome Poe vyema zaidi, na kwamba alikwenda Uingereza hasa kwa kukimbia, ila pia kwa nia ya kuisema lugha hiyo na kuifundisha mahali fulani pa utulivu. Utulivu huo hakuupata.

Yafaa kukumbuka hali ya ualimu wa lugha nchini Ufaransa wakati huo. Enzi shuleni ilikuwa ya Kilatini na Kiyunani. Lugha hai, yaani Kiingereza, Kijerumani na nyinginezo zinazosemwa na watu, zilipewa nafasi ya pembeni, na mwalimu wake alihesabiwa mtu wa daraja la chini miongoni mwa wenzake. Kilichotakiwa hasa ni cheti cha umahiri, ambacho mtahiniwa alikipata kwa kufanya mtihani. Lugha alijitafutia mwenyewe. Kuhusu namna ya kusimama mbele ya vijana 40 wasiotaka kusikiliza, mwalimu mtarajiwa hakufunzwa lolote la maana. Yalikuwa mambo ya kujifunzia kazini, na gharama yake aliilipa kila mtu kivyake.

Mnamo Novemba 1862, babake na jamaa zake wakiwa wamekubali kwa shingo upande, Mallarmé alifika London. Hakwenda peke yake. Aliandamana na Maria Gerhard, Mjerumani aliyekuwa mlezi wa watoto katika familia moja mjini Sens. Majira yale ya baridi yalikuwa magumu. Kijana hakuwa na pesa za kutosha, kwa maana urithi wake asingeweza kuugusa kabla ya kutimiza miaka 21 mwezi wa Machi 1863. Maria alimwacha, akarudi, akaondoka tena. Mwezi wa Aprili mwaka uo huo babake Mallarmé akafariki. Mnamo tarehe 10 Agosti 1863 wawili hao walifunga ndoa katika kanisa la Kikatoliki mjini London, na mwezi uliofuata Mallarmé akapata cheti chake cha kufundisha Kiingereza.

Je, miezi hiyo ilimfaa kitaaluma? Jibu si rahisi. Aliishi katika mji wa Waingereza pamoja na Mjerumani, huku akiwaandikia rafiki zake wa Ufaransa barua ndefu kuhusu mapenzi na ukungu. Yamkini Kiingereza alikijua kwa macho kuliko kwa sikio. Wakaguzi wa elimu waliokuja kumsikiliza darasani miaka mingi baadaye walitilia shaka matamshi yake na hata ujuzi wake wa lugha. Lakini wakaguzi hao hawakuwa na kipimo cha jambo jingine alilorudi nalo: shauku ya kuliangalia neno la kigeni kana kwamba ni kiumbe chenye mwili, sauti na nasaba.

Kituo chake cha kwanza, mwishoni mwa 1863, kilikuwa Tournon, mji mdogo kando ya mto Rhône unaopigwa na upepo mkali. Bintiye Geneviève alizaliwa huko Novemba 1864. Mwezi uliotangulia alikuwa ameanza kuandika Hérodiade, kazi ambayo hakuimaliza hadi kufa kwake. Mchana alifundisha vijana wakorofi, usiku akapigania mistari michache. Mwaka 1866 mashairi yake 10 yalichapishwa Paris katika diwani ya pamoja iitwayo Le Parnasse contemporain, na habari zikafika Tournon. Inasimuliwa kwamba wanafunzi walinakili ubaoni maneno ya mojawapo ya mashairi hayo ili wamdhihaki. Wazazi nao hawakuelewa mwalimu wa aina gani alikuwa akiwafundishia wana wao. Mwaka uo huo alihamishiwa Besançon, na mwaka 1867 akapelekwa Avignon.

Huko Avignon alijirani na washairi Mistral, Aubanel na Roumanille, waliokuwa wakipigania kuihuisha lugha ya Provence. Afya yake ilikuwa imedhoofika, na akili yake ilikuwa imepita katika shida kubwa ya kiroho. Akafikiria kuandika tasnifu ya isimu, na mwaka 1870 akachukua likizo. Mpango huo wa shahada haukutimia. Mwaka 1871 alihamia Paris, akaajiriwa katika Lycée Condorcet, shule ambayo kwa miaka kadhaa iliitwa Fontanes.

Tasnifu haikuandikwa, ila matunda ya fikra zile yalionekana katika kitabu Les Mots anglais kilichotoka mwishoni mwa miaka ya 1870. Alikitunga kwa ajili ya pesa, na katika barua ile kwa Verlaine alikitaja kama kazi isiyostahili kuzungumziwa. Wahakiki wa baadaye hawakumtii, na walifanya vyema. Humo Mallarmé aliyapanga maneno ya Kiingereza kwa kufuata konsonanti za mwanzo, akidai kuwa kila konsonanti ina hisia fulani inayoelekea kubeba. Isimu iliyokuja kutawala baada ya mihadhara ya Saussure kuchapishwa mwaka 1916 inashikilia kwamba uhusiano wa sauti na maana ni wa nasibu. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili aliyewahi kuchunguza tanakali za sauti hatashangaa sana kumwona mwalimu huyu akihangaika na swali hilo. Kama kitabu cha shule, ni vigumu kuona mwanafunzi angekitumiaje.

Msiba mkubwa zaidi ulimpata Oktoba 1879, mwanawe Anatole alipofariki akiwa na umri wa miaka minane. Mallarmé alijaribu kumtungia shairi, akabakia na vipande vya karatasi vilivyokuja kuchapishwa mwaka 1961. Aliendelea kuingia darasani. Mwaka 1884 alihamishiwa Lycée Janson-de-Sailly, na mwaka uliofuata Collège Rollin. Ilhali kwake nyumbani, katika barabara ya Rome, kila Jumanne jioni alizungukwa na watu waliomsikiliza kwa heshima kuu. Miongoni mwao Paul Valéry, André Gide na mwanamuziki Claude Debussy. Mtu yule yule aliyeshindwa kuwatuliza watoto alisikilizwa na watu wazima bila kukatizwa.

Aliacha kufundisha mwaka 1893. Machi 1894 alialikwa kuhutubu katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, na mwalimu huyo mstaafu wa Kiingereza akawahutubia Waingereza kwa Kifaransa. Mwaka 1897 alichapisha Un coup de dés, shairi lililotawanya maneno ukurasani kwa namna isiyozoeleka.

Alifariki ghafla tarehe 9 Septemba 1898 huko Valvins, karibu na Fontainebleau, baada ya kubanwa na koo. Siku moja kabla, alikuwa amewaandikia mkewe na bintiye wazichome karatasi zake. Hawakuzichoma. Mwaka 1937 ulichapishwa mkusanyiko wa mazoezi yake ya kufasiri kwa Kiingereza, yaliyojaa methali za Waingereza zilizopangwa kwa kufuata kanuni za sarufi. Dibaji yake iliandikwa na Valéry.